Mashine Isiyopima Isituandikie "Salama"

Kuna neno moja ambalo sisi waandishi wa programu tunalitumia ovyo kuliko hata neno "bure". Neno lenyewe ni "salama". Tunaliandika kwa herufi za kijani, tunaliongezea mlio mdogo wa kupendeza, na mtumiaji anaamini. Mara nyingi hakuna madhara makubwa. Leo lakini nataka tulikamate neno hili mahali ambapo likiandikwa kizembe mtu anaweza kupoteza jicho, yaani kwenye vimashine vya nyumbani vya kulainisha maganda ya risasi kwa moto.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kukuna kichwa. Maganda ya risasi yanatuhusu nini? Subirini kidogo, tutafika kwenye msimbo.

Nchini Marekani kuna watu wengi ambao burudani yao ni kulenga shabaha, na wengi kati yao hujaza risasi upya wenyewe, kwenye meza ya gereji au chumba cha chini. Risasi ikishapigwa, kinachobaki mkononi ni ganda la shaba. Mtu analiokota, anatoa fataki iliyotumika (ile kofia ndogo ya chini inayogongwa), analibana ganda kwenye kalibu lirudi umbo lake, anaweka fataki mpya, baruti na kichwa kipya cha risasi. Ganda ndilo ghali, kwa hiyo linatumika tena na tena. Kule ni burudani halali kabisa. Hapa kwetu Kenya mambo ya bunduki na risasi yako chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, kwa hiyo asitokee mtu aniandikie eti anataka kujaribu nyumbani kwake Umoja. Mimi mwenyewe sina bunduki na siitaki. Kilichonivuta ni kile kikompyuta kidogo kilichomo ndani ya mashine.

Sasa tatizo la ganda. Shaba yake ni ile ya manjano, asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki. Chukua waya wa shaba, ukunje na kuukunjua mahali pale pale. Mara ya kwanza unakubali bila shida, baadaye unakuwa mgumu, mwishowe unakatika. Ganda nalo ni hivyo hivyo. Kila risasi ikipigwa shingo ya ganda inatanuka, kila likijazwa upya shingo inabanwa. Baada ya mizunguko kadhaa shingo inakuwa ngumu, haishiki kichwa cha risasi sawasawa, na siku moja inapasuka kwa urefu.

Dawa yake ni moto. Ukiipasha shaba kiasi cha kutosha, chembe fuwele za ndani zilizovurugika kwa kubanwa zinajipanga upya na ulaini unarudi. Fundi wa Gikomba anayetengeneza bangili analijua hili bila digrii. Anagonga, shaba ikianza kukataa nyundo anairudisha motoni, inatulia, anaendelea. Na anajua pia kitu ambacho wengi wenye intaneti ya kasi hawajui, kwamba ukiichovya shaba kwenye maji haiwi ngumu kama patasi ya chuma cha pua. Maji yanazuia tu joto lisiendelee kutembea. Basi.

Wenye viwanda walilijua hili kwa machungu. Jeshi la Uingereza lilipokuwa India lilishangaa kuona maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yanapasuka yenyewe msimu wa mvua, bila kupigwa na mtu. Mwaka 1921 watafiti wa Uingereza wakaeleza sababu: amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi, pamoja na unyevu, ilikuwa inaishambulia shaba ambayo ndani yake kulikuwa na mkazo uliobaki tangu kiwandani. Tangu hapo kupasha moto shingo ni hatua ya kawaida ya utengenezaji. Ukiona ganda jipya la Lapua wa Ufini, au ganda la kijeshi la 7.62, lina doa la rangi ya bluu na kahawia shingoni. Hilo ndilo alama ya moto. Viwanda vingine vinaling'arisha mpaka linapotea ili mnunuzi asiulize maswali.

Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi wangu unaanzia upande wa pili wa ganda, kwenye kitako. (Msicheke, ndilo jina lake linalofaa.)

Shingo inatakiwa iwe laini. Kitako kinatakiwa kibaki kigumu, na hapa hakuna mjadala. Kwa risasi ya .308 Winchester, kiwango cha juu cha shinikizo kinachokubaliwa na chama cha watengenezaji wa Marekani, SAAMI, ni pauni 62,000 kwa inchi mraba. Tairi la gari dogo lina kama 32. Yaani karibu mara elfu mbili ya tairi, sentimita chache kutoka usoni kwa mtu! Kinachozuia hiyo gesi isirudi nyuma ni kitako cha shaba ngumu kilichoegemea chuma cha bunduki. Kikilainika kinatanuka, shimo la fataki linalegea, gesi inavuja kuelekea nyuma, na nyuma ndiko kuliko na jicho.

Kwa hiyo kazi nzima ya kulainisha ganda ni kupasha ncha moja ya kitu chenye urefu wa milimita 51 bila kuipasha ncha nyingine, na kitu chenyewe kinapitisha joto vizuri kuliko chuma. Nilipiga hesabu. Katika shaba ya aina hii joto linasogea takriban sentimita 1.2 ndani ya sekunde 4, na sentimita 2.6 ndani ya sekunde 20. Muda ukizidi mara tano, umbali unazidi mara mbili na kitu. Ndiyo maana watu wanataka kasi, na ndiyo maana miaka ya karibuni wameacha tochi ya gesi wakahamia kwenye koili ya umeme. Unaingiza shingo katikati ya koili, mkondo wa masafa ya juu unapita, shingo inapata moto yenyewe kutoka ndani. Kwenye masafa ya kilohezi 100 umeme huo unaingia kwenye shaba hii kina cha kama milimita 0.4, ambacho ni karibu sawa na unene wa ukuta wa shingo. Mungu akupe nini tena? Ni kama shaba iliumbwa kwa ajili hiyo.

Bodi za kuendesha koili zinatoka China kwa bei ya chini. Unaongeza Arduino, relei, skrini ndogo, na kihisi cha mwanga kinachochungulia shingo. Shingo ikianza kuwaka wekundu hafifu, kihisi kinaona, msimbo unakata umeme, ganda linaanguka. Taa ya kijani. Ganda linalofuata.

Hapa ndipo nilipoingia mimi. Mteja mmoja wa huko Marekani alinipa kazi kupitia mtandao: nimwandikie programu ya mashine kama hiyo, ambayo alikusudia kuiuza. Kazi ya wiki mbili, malipo ambayo yangenilipia kodi ya nyumba miezi mitatu. Maelezo yake yalikuwa safi kuliko ya wateja wengi wa hapa nyumbani, sina budi kumsifu. Lakini kwenye ukurasa wa skrini aliandika hivi: kihisi kikiona mwanga mwekundu, onyesha taa ya kijani na maneno "ganda ni salama kupigwa".

Nilimwandikia kwamba maneno hayo siyaandiki. Tulijibizana siku nne. Alisema nabishana kuhusu neno. Ndiyo, nilikuwa nabishana kuhusu neno, kwa sababu hilo ndilo neno pekee ambalo mnunuzi atalisoma.

Wacha nimtetee kwanza, maana hoja yake si ya kijinga. Wekundu si kitu cha kubahatisha. Mwaka 1847 John William Draper, mwanasayansi wa New York, alionyesha kwamba vitu vigumu vyote huanza kuonekana vyekundu gizani katika joto lile lile, karibu nyuzi 525 za Selsiasi. Na mwanga huo hupanda kwa kasi ya ajabu. Kutoka nyuzi 525 hadi 577, mwanga mwekundu unaongezeka kama mara tano. Kwa mtu wa vihisi hiyo ni zawadi, kwa sababu badiliko dogo la joto linaleta badiliko kubwa la namba. Kwa hiyo anayesema wekundu ni kipimajoto hajakosea sana.

Sana.

Tatizo la kwanza ni uso wa shaba. Shaba iliyong'arishwa hutoa chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga wa joto ambao kitu cheusi tititi kingetoa kwenye joto hilo hilo. Ikishika utando wa oksidi inaweza kufika nusu. Hiyo nayo ni tofauti ya mara tano! Kwa maneno mengine, ganda lililosuguliwa likang'aa na ganda chafu lililopigwa jana vinaweza kumpa kihisi namba moja huku joto lao likitofautiana nyuzi 50. Ndiyo sababu pia vile vipimajoto vya bastola vya kuelekeza tu, mlivyovizoea tangu mwaka 2020 milangoni mwa maduka, ni bure kabisa juu ya shaba inayong'aa. Vimepangwa kwa ngozi ya binadamu na vitu vya aina hiyo. Ukikielekeza kwenye shaba inayong'aa kinasoma zaidi joto la vitu vinavyoakisiwa humo, pengine hata la uso wako mwenyewe.

Tatizo la pili ni kwamba joto peke yake halisemi ulaini. Ulaini unatokana na joto, muda, na jinsi shaba ilivyobanwa kabla. Nyuzi zile zile kwa sekunde 2 na kwa dakika 10 zinaleta vitu viwili tofauti. Na ganda lililopigwa mara moja halijibu kama lililopigwa mara nane.

Lakini hayo yote nayasamehe. Shingo ikilainika kupita kiasi, umeharibu ganda la pesa kidogo. Ikilainika pungufu, itapasuka mapema. Hasara ndogo ndogo. Nisichoweza kusamehe ni hiki: kihisi kinatazama shingo, na neno "salama" linazungumzia kitako. Hakuna waya hata mmoja kwenye mashine ile unaokwenda kwenye kitako. Mashine haijui kitako kiko wapi. Haijui hata kama kipo.

Na usiniambie "lakini koili inapasha shingo tu, kitako kiko mbali". Ndiyo, kila kitu kikienda sawa. Sasa niambie mara ngapi umeona kila kitu kikienda sawa. Relei za bei rahisi zina tabia moja mbaya, zile ncha zake za kugusana huungana kwa joto la cheche. Msimbo unaandika ZIMA, pini inashuka, skrini inasema imezima, na umeme unaendelea kupita. Au zile transista mbili kwenye bodi: ukiipa bodi umeme unaopanda polepole, zote mbili zinaweza kufunguka kwa pamoja na kuungua. Au kihisi kinafunikwa na masizi, hakioni wekundu, msimbo unangoja, unangoja, na joto linatembea kuelekea chini. Anayesubiri wekundu bila kikomo kingine amejenga kitanzi kisicho na mlango wa kutokea. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniletea hicho namrudishia karatasi.

Mteja wangu alikuwa na jibu. Alisema amelainisha maganda 200 kwa mashine ya majaribio, akayapiga yote, hakuna hata moja lililoleta shida. Jibu zuri, sivyo? Hebu tulifungue. Kuna kanuni ndogo ya takwimu ambayo kila mtu anayejaribu programu angeandika ukutani: ukijaribu mara N bila kuona kosa hata moja, unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kiwango cha makosa hakizidi 3 kugawa kwa N. Kwa majaribio 200, ni asilimia 1.5. Yaani majaribio yake hayapingani na mashine inayoharibu ganda moja katika kila 70! Mtu anayepiga risasi mia kwa wikendi anakutana na hilo ganda kabla hajamaliza sanduku la pili. Sisemi mashine yake iko hivyo. Nasema majaribio 200 hayawezi kumwambia kwamba haiko hivyo, na yeye alitaka niandike kama kwamba yamemwambia.

Sasa, mtu akisema hapana tu bila kuleta kitu mezani ni mlalamishi, kwa hiyo nilimpelekea pendekezo. Na pendekezo lenyewe ni hesabu ya kidato cha pili.

Ganda tupu la .308 lina uzito wa kama gramu 11. Shaba hii inahitaji juli 0.38 kupandisha gramu moja kwa nyuzi moja. Shingo na bega tuseme ni gramu 2. Kuzipandisha kutoka nyuzi 25 hadi 525 ni 2 mara 0.38 mara 500, jumla juli 380. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, nishati ndogo kuliko ya kupasha maji ya kijiko cha supu. Sasa chukulia joto hilo lote likabaki ndani ya ganda na kuenea sawasawa mpaka kitakoni. Juli 380 kwa gramu 11 ni ongezeko la nyuzi 91 tu. Ganda zima linaishia kwenye nyuzi 116. Kitako hakijali hata kidogo.

Geuza swali. Ni nishati kiasi gani inahitajika ili ganda zima lifike nyuzi 250, karibu na pale ambapo watu wa fani hii wanaanza kuogopa? Gramu 11 mara 0.38 mara nyuzi 225, ni juli 940. Na kilichoingia kwenye ganda hakiwezi kuzidi kilichotoka kwenye chanzo cha umeme. Hilo halitegemei rangi, halitegemei oksidi, halitegemei jicho la mtu wala mwanga wa chumba. Ni sheria ya maumbile. Kwa hiyo weka kihisi cha mkondo na cha volti pale umeme unapoingia (hapa Nairobi ni shilingi mia chache), zidisha, jumlisha kila milisekunde, na jumla ikifika mathalani 900, kata. Ukate kwa transista, na nyuma yake kuwe na saa ya pili isiyotegemea msimbo, ili relei ikiganda kitu kingine kikate.

Kwa kweli sehemu ya hizo juli inapotelea kwenye koili na bodi, hivyo ganda linapokea pungufu. Vizuri! Upungufu uko upande wa usalama. Ganda dogo lina gramu chache, kikomo chake kishuke kwa uwiano huo huo. Na kuna hali moja ambayo hesabu hii haiizibi: mtu akiingiza ganda kichwa chini, kitako kikawa ndani ya koili, joto litakusanyika pale pale. Lakini kitako ni kinene na shingo ni nyembamba, na koili inavuta mkondo tofauti kwa kila kimoja. Kihisi kile kile cha mkondo kinaliona hilo mapema kabisa. Mistari kama ishirini ya msimbo. Nilimwandikia bila malipo ili aone.

Kisha skrini. Badala ya "salama" nilipendekeza ionyeshe vitu vitatu: juli zilizotolewa, volti ya chini kabisa iliyoonekana, na muda. Mwenye ganda aamue. Na kwenye kijitabu aelezwe apake mstari wa Tempilaq juu ya kitako cha maganda machache ya kutupwa. Tempilaq ni rangi inayoyeyuka ikifika joto lililoandikwa kwenye chupa, na ni kipimo cha kweli kwa sababu kimekaa pale panapohitaji kupimwa.

Jibu lake lilikuwa fupi. Watu hawanunui juli, wananunua taa ya kijani.

Basi akampata mwingine wa kuandika. Sina kinyongo, ila hilo jibu ndilo limenifanya niandike haya, kwa sababu nimelisikia hapa hapa kwetu kwa sura nyingine. Mashine za kutotoa vifaranga zinazouzwa mitaani zina skrini inayosoma 37.5 kwa wekundu mzuri kabisa, huku kihisi kikiwa kimebandikwa karibu na feni na mayai ya kona yakipata baridi. Mama anapoteza trei tatu, muuzaji anamwambia mayai yake hayakuwa na mbegu. Skrini ilisema 37.5! Ubishane na skrini?

Kuna watakaosema kwamba wapo wanaofanya hivi vizuri, na ni kweli. Kampuni ya AMP ya New Zealand inauza mashine ya koili kwa zaidi ya dola 1,000, na wamechapisha vipimo vya ugumu wa Vickers kuonyesha wanachofanya. Kwenye mashine yao ya kizazi cha pili unatoa ganda moja sadaka, linachomwa na kuharibika, mashine inasoma jinsi lilivyoitikia umeme, kisha inajipangia programu ya yale mengine. Hapo ndipo ninapovua kofia. Wamekubali kuharibu kitu ili wajue. Ningependa sana waufungue msimbo wao tujifunze, lakini msimbo uliofungwa wa mtu aliyepima naupokea kabla ya msimbo wa wazi wa mtu aliyechungulia. Sikutegemea kuandika sentensi hiyo maishani mwangu, wanaonifahamu wanajua.

Wengine watasema nakuza mambo, kwamba watu wamelainisha maganda kwa tochi na kwa jicho miaka mingi na macho yao wanayo. Nakubali kwamba wengi wanayo. Lakini mzee mwenye tochi anajua kwamba hajui. Yuko makini, anazima taa, anashika ganda kwa vidole, anahesabu kwa mdomo. Mpe taa ya kijani na atafungua soda. Hapo umemnyang'anya woga wake bila kumpa kipimo cha kuchukua nafasi yake.

Na kama kweli tunataka kuwasikiliza wazee, wapo wanaotumia mshumaa. Unashika kitako cha ganda kwa vidole vitupu, unaizungusha shingo kwenye ncha ya moto, na joto likikuchoma vidole unaliachia ganda lianguke kwenye taulo lenye maji. Sisemi shingo inalainika vizuri kwa mshumaa, nina shaka kubwa. Lakini itazame hiyo mashine kwa jicho la mhandisi. Ina kihisi kimoja, ngozi ya binadamu, ambayo haivumilii hata nyuzi 70. Kihisi hicho kimeunganishwa moja kwa moja na swichi ya kukatia. Na kimewekwa kwenye kitako.

Mimi ningeanzia hapo. Ningetoa kidole, niweke themokapo nyembamba ikigusa kitako kwa springi, niisome koili ikiwa imezima maana ikiwaka inaivuruga, na niendelee kuisoma sekunde kumi na kitu baada ya kuzima, kwa kuwa kilele cha joto la kitako huja umeme ukiwa umeshakatwa. Namba hiyo ndiyo ningeionyesha kwenye skrini. Rangi ya shingo tungeijadili baadaye.